Kivuko cha Sajini Kivuti

Sajini Kivuti aliporudi kutoka vitani Somalia, watu wa Kiambere walikuwa wamekwisha kumpangia maisha. Angenunua ploti Kiritiri, ajenge vyumba vya kupangisha, akae kibarazani na redio yake mpaka Mungu amwite. Ndivyo walivyofanya wanajeshi waliomtangulia, na hakuna aliyewalaumu. Basi lori lilipopita Kiritiri bila hata kupunguza mwendo, limesheheni mapipa matupu, mbao, vyuma na mzingo wa waya wa chuma mnene kama kidole gumba, likateremka na ile barabara ya vumbi moja kwa moja kuelekea mtoni, watu walitoka madukani kutazama.

"Afande," mmoja wao akamwuliza baadaye, "unafungua kiwanda cha pombe?"

"Nafungua barabara."

"Barabara gani, na huko chini ni maji matupu?"

"Hiyo hiyo ya maji."

Wakacheka. Kivuti hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, ambaye sikio lake la kushoto lilikufa siku bomu la kutegwa lilipolipuka karibu naye, na tangu hapo alikuwa akigeuza shingo ili akusikie vizuri, hata ukadhani anakushuku. Jeshini alikuwa katika kikosi cha wahandisi. Askari wengine husonga mbele wakimtafuta adui. Mhandisi huwatangulia, akitafuta kilichofukiwa ardhini, na penye mto huwajengea pa kupita. Miaka yote ile ya vita Kivuti alifukua mabomu na kutandaza madaraja. Alikuwa hodari wa kazi hiyo, na alijua hivyo.

Lakini hakuurudia mto kwa sababu ya uhodari.

Juu kidogo ya bwawa la Kiambere, kabla mto Tana haujatanuka ukawa ziwa, maji hupenya katikati ya majabali kama mtu anayepita kwenye pengo la ua. Upande huu ni Mbeere, ng'ambo ni Ukambani, na ng'ambo ile kuna soko la kila Alhamisi ambalo hununua mbuzi, ndengu na asali kuliko soko lolote la upande huu. Ukienda kwa gari utazunguka hata ufike watu wakifungasha. Kwa hiyo watu walivuka kwa mashua kuukuu ya mbao, wakikaa juu ya magunia yao, wakiomba Mungu kimoyomoyo. Alhamisi moja kiboko aliibuka chini ya mashua ile akaipindua. Miongoni mwa waliozama alikuwemo Nelius, dada mkubwa wa Kivuti, aliyemlea mgongoni mama yao alipokuwa akihangaika mashambani.

Siku hiyo Kivuti alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mto mwingine, kusini mwa Somalia. Yeye na wenzake walikuwa wamemaliza daraja la kuelea, na magari ya deraya yalikuwa yakilipita moja baada ya jingine, mazito kama nyumba, na daraja halikutikisika. Kapteni alimshika mkono akampongeza mbele ya watu. Simu ililia kabla kapteni hajamwachia mkono. Alikuwa ni mama yake. Kivuti aliisikiliza kwa lile sikio zima, kisha akakaa chini mchangani, magari yakiendelea kupita.

"Nimevusha jeshi zima," akamwambia mwenzake aliyekuja kumwuliza kuna nini, "na dada yangu amekosa cha kumvusha."

Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo mpaka alipostaafu. Ila tangu siku ile alikuwa anajua pesa yake ya kustaafu ingeenda wapi.

Aliyekuwa hajui ni mkewe. Kagwiria alikuwa binti wa Kanyakine, huko Imenti ya Kusini, kwenye ndizi na kahawa na ukungu wa asubuhi. Alikutana na Kivuti mjini Meru, wakati Kivuti akiwa kambini Isiolo, akamfuata mpaka kwenye joto hili la Mbeere ambako mama mkwe wake alimcheka kwa kuoga mara mbili kwa siku. Alikaa, akazaa, akalima ndengu, akangoja vita viishe. Katika kungoja kule alikuwa amejijengea duka zuri kichwani mwake, lenye kaunta na friji ya soda. Alipoyaona mapipa yakishushwa uani aliingia ndani akafunga mlango.

Habari ilipanda mlima mpaka Kanyakine. Baba yake, mzee Kailemia, akashuka na koti lake la kanisani, akakaa kivulini jasho likimtiririka, akakataa chai kwanza ili ionekane amekuja kwa jambo zito.

"Kivuti, mwanangu," alisema, "mimi nilikupa msichana. Sikumpa mvuvi."

"Mimi si mvuvi, baba."

"Njoo Kanyakine. Shamba liko. Utalima kahawa kama watu. Maji yetu sisi yanatoka kwa bomba, hayali mtu."

"Asante, baba. Nakushukuru kwa moyo wangu. Lakini dada yangu hakufia Kanyakine."

Mzee akamgeukia binti yake, akaacha Kiswahili, akamwuliza kwa Kimeru kama anataka kufunga nguo zake.

Kagwiria alikuwa ameegemea nguzo ya jiko, mikono kifuani. Alimtazama mumewe kwa muda, na hakumtazama kwa upole.

"Nimechoka naye, baba," alijibu. "Lakini nimechoka naye nikiwa hapa hapa."

Ndipo mzee akainywa ile chai.

*

Feri ilijengwa na familia, na ilikaribia kuivunja familia yenyewe. Binti yao Kinya alikuwa ametoka chuo cha ufundi na cheti cha kuchomelea vyuma, na watu walikuwa wakija kutoka mbali kumwona msichana aliyevaa miwani nyeusi akirusha cheche. Kivuti alijua kuamuru tu. "Leta hiki. Toa kile. Rudia." Siku ya nne au ya tano Kinya alivua miwani akaiweka chini taratibu.

"Baba, mimi si kuruta."

"Nani amesema wewe ni kuruta?"

"Mdomo wako."

Kivuti aligeuza shingo kana kwamba hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia. Alikwenda akazunguka yale mapipa mara moja, akarudi, akasema, "Tafadhali nisaidie kushika upande ule." Neno hilo lilimtoka kwa shida kama jino, lakini lilitoka, na tangu siku ile kazi ikaenda.

Kilichotoka mikononi mwao kilikuwa jukwaa pana la mbao juu ya mapipa, lenye reli za kushika na lango kila mwisho. Waya wa chuma ulitoka jabali la upande huu mpaka jabali la ng'ambo, na feri iliushikilia kwa kapi mbili, ikasogea kwa kuvutwa na winchi ya mkono. Kwenye kapi ya mbele Kivuti aliweka breki ya chuma, pingu nene ya kuubana waya usipite, na juu ya breki hiyo hakutaka mzaha. Alimfundisha Kinya kuifunga akiwa amefumba macho. Alimfundisha tena akiwa amechoka, na tena akiwa anazungumza na mtu.

"Waya ukilegea, usiulize kwa nini," alimwambia. "Usitazame nyuma. Funga breki kwanza. Kuuliza kutakukuta ukiwa hai."

Kinya alimwuliza alijifunzia wapi hayo. Kivuti akamweleza kwa ufupi juu ya kijana mmoja wa kikosi chao, Mwendwa, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisa akifanya kazi. Waya ulikatwa kwa risasi siku moja, Mwendwa akageuka kutazama risasi ilikotoka. Mto ukamchukua.

Alhamisi ya kwanza walivuka watu wachache, wengine wakiwa wamefumba macho. Alhamisi ya tatu hapakuwa na nafasi ya kusimama. Pikipiki zilipanda, mbuzi wakapanda, magunia ya ndengu na mifuko ya muguka, yale majani ya kutafuna, ikapanda, na mwalimu mmoja akapanda na harusi yake nzima. Kagwiria, ambaye alikuwa ameapa hatakanyaga mbao zile, alikuja siku moja kumletea mumewe chakula, akaona jinsi watu wanavyosukumana langoni, akashindwa kuvumilia.

"Nyinyi," aliwaambia, "mnapanda kama ng'ombe wanaoingia dipu. Wamama na watoto kwanza. Wewe na mbuzi wako, ngoja huko."

Wakangoja. Kuanzia hapo lango lilikuwa lake. Duka la kichwani likaja likasimama pale pale ukingoni, kibanda cha mabati chenye soda, sukari na mandazi, na wasafiri wakaacha kusema wanakwenda kwenye feri ya Kivuti. Walisema wanakwenda kwa Mama Kinya.

*

Ndambiri alikuja msimu wa kiangazi, akiwa amevaa viatu vyeupe. Alikuwa na maduka Embu mjini, malori ya mchanga, na mashua za injini zilizovusha watu kule chini ambako maji yamekuwa ziwa. Tangu feri ianze, mashua zake zilikuwa zikivuka na viti vitupu. Alisalimia vizuri, akanywa soda ya Kagwiria, akaisifu feri kwa maneno ya mtu anayejua kusifu.

"Afande, umelitumikia taifa," alisema. "Sasa pumzika. Niachie mimi hii kazi. Wewe utakuwa meneja wangu hapa, na gari nitakupa."

"Na mke wangu?"

"Mama aendelee na chai yake. Hakuna atakayemsumbua."

"Na binti yangu?"

Ndambiri akacheka. "Msichana mzuri kama yule si ataolewa."

"Kwa hiyo kila mtu umempa kazi," Kivuti alisema, "isipokuwa wewe mwenyewe."

Tabasamu la Ndambiri halikuondoka, lakini lilipoa. Aliweka chupa chini. "Afande, nitakuambia kama ndugu. Mto huu una wenyewe."

"Najua. Mmoja wao alikuwa dada yangu."

Ndambiri aliondoka bila kuaga. Muda si mrefu yakaanza maneno. Kwamba mapipa yale yamewahi kubeba sumu ya mashambani. Kwamba Kivuti ni mgonjwa wa kichwa, vita vilimharibu, siku moja atawatosa watu wote akidhani ni magaidi. Kivuti aliyasikia maneno hayo kwa sikio moja na hakuyajibu hata kwa nusu neno. Kagwiria ndiye aliyeyajibu. Alimwambia kila aliyeyaleta langoni kwamba kama anaogopa mgonjwa wa kichwa, atembee mpaka kwenye mashua, na azingatie kwamba jua ni kali. Hakuna aliyetembea.

Kisha mvua za masika zikaja kwa nguvu kuliko ilivyozoeleka. Mto ukavimba, ukawa mwekundu, ukabeba magogo. Kivuti alisimamisha feri mpaka maji yalipoanza kushuka. Alhamisi iliyofuata aliyapima akaona yanavukika, akaruhusu safari, nusu ya mzigo tu, akakaa ukingoni mwenyewe ili atazame magogo na kupiga filimbi.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Feri ilikuwa katikati ya mto, Kinya kwenye winchi, Kagwiria langoni na wanawake wa soko nyuma yake. Kivuti aliona waya ukianguka majini.

Haukukatika kwa kishindo, au kama kishindo kilikuwapo kilikuwa upande wa sikio lililokufa. Aliona tu mstari ule mweusi uliokuwa umenyooka juu ya mto ukilala, kutoka jabali la ng'ambo, na feri ikianza kwenda na maji. Miguu yake ilikimbia. Kichwani alikuwa mahali pengine, kwenye mto mwingine, akimwona kijana anageuka kutazama nyuma.

Kinya hakugeuka. Aliacha winchi, akajitupa juu ya breki kwa uzito wake wote, na ile pingu ikauma waya. Waya ulioachwa ungepita kwenye kapi kama uzi kwenye sindano, na feri ingekwenda mpaka ziwani ikizunguka. Ulipobanwa, ukawa kamba ya mbuzi iliyofungwa kwenye jabali la upande huu. Feri ikavutwa, ikalala ubavu kidogo, ikapiga duara kubwa kufuata maji, na mto wenyewe ukaitupa ukingoni, kwenye miamba ya upande wa Mbeere. Mapipa mawili yalipasuka. Mbuzi wawili walianguka, na mamba hawakuchelewa. Watu walirushwa huku na huku.

Kivuti aliingia majini mpaka kifuani, akawa anawapokea mmoja mmoja. Kila aliyempokea alimwuliza, "Uko mzima?" na hakungoja jibu. Kagwiria alishuka wa mwisho, kwa sababu lango lilikuwa lake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, unaning'inia.

"Wote wako?" Kagwiria akauliza.

"Wote."

"Basi nipeleke hospitali. Na umwambie Kinya akae chini, anatetemeka."

*

Mchana ule ule Kivuti alizunguka kwa gari la jirani mpaka ng'ambo, akapanda jabali. Waya haukuwa umechakaa. Nyuzi zake zilikuwa zimesagwa kwa msumeno wa chuma, zote isipokuwa chache, na mahali pa kukatia palikuwa panang'aa kama sarafu mpya. Aliyefanya hivyo alijua zile chache zilizobaki zingeshikilia feri tupu na kuachilia feri yenye watu. Kivuti alikaa pale juu muda mrefu. Polisi walikuja wakaandika, wakapiga picha. Hakuna aliyekamatwa.

Siku chache baadaye Ndambiri alifika nyumbani na mkate, sukari na majani ya chai, akampa Kagwiria pole ya mkono uliovunjika. Hakutaja feri. Alipokuwa akiondoka tu ndipo alipomwambia Kivuti, kwa sauti ya huruma, "Ile nafasi bado ipo, afande. Fikiria familia."

Na Kivuti alifikiria. Hapo ndipo mambo yalipokaribia kuharibika. Risasi hazikumvunja, wala mabomu, lakini kila alipofumba macho alimwona Kagwiria kwenye mbao zile zikilala ubavu. Asubuhi moja alichukua nyundo na tindo, akateremka mtoni, akaanza kubandua mbao za feri. Kinya alimkuta akifanya hivyo, akajaribu kumzuia, akashindwa. Alikwenda kumwita mama yake.

Kagwiria alikuja polepole, mkono ukiwa ndani ya plasta, akakaa juu ya jiwe.

"Baba Kinya, unafanya nini?"

"Nafunga kazi."

"Nani amekutuma?"

Kivuti aliendelea kugonga. "Nilimzika Nelius kwa simu. Sitazika mtu mwingine wa mto huu."

"Siku ulipoleta mapipa hukuniuliza," Kagwiria alisema. "Nikanyamaza. Leo unayatoa, na pia hukuniuliza. Kwani mimi ni mzigo gani, wa kupakiwa na kupakuliwa?"

Nyundo ikasimama.

"Wangekuua, Mama Kinya."

"Walijaribu. Mimi niko hapa. Wewe ndiye unayeonekana umekufa." Alingoja kidogo ili hasira isimvurugie maneno. "Wale wanawake walipotoka majini, wamelowa, wengine wanatapika maji, unajua waliniuliza nini? Hawakuuliza nani amekata. Waliuliza Alhamisi itakuwepo? Nikawaambia itakuwepo, tupeni muda. Sasa unataka kunifanya mwongo, mimi mtoto wa watu, mbele ya soko zima?"

Kivuti alikaa chini juu ya mbao alizozibandua. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Kagwiria hakumwambia anyamaze. Alimwacha alie mpaka alipomaliza, kisha akamwonyesha kwa mkono mzima mahali misumari ilipokuwa imetawanyika.

"Iokote," alisema. "Itatufaa."

*

Chifu aliitisha baraza. Ndambiri alikaa mstari wa mbele, na afisa wa usafiri wa majini alikuja kutoka mbali akiwa amevaa shati lake la kazi. Ndambiri alizungumza kwanza, juu ya usalama wa akina mama, juu ya serikali, juu ya maendeleo yanayotaka injini na si mapipa. Wengine walitikisa kichwa kukubali, maana hofu ilikuwa bado mbichi. Afisa alizungumza kwa kifupi. Alisema feri imeundwa vizuri kuliko alivyotarajia, lakini hataipitisha mpaka iwe na waya wa pili, na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, mkubwa kwa mdogo.

Kagwiria alisimama kabla hajaitwa. Kwa desturi wanawake walioolewa hapo hungoja wenyeji waseme, na mzee mmoja alikohoa kumkumbusha. Hakukumbuka.

"Mimi ni mtu wa kuja," alianza. "Nimetoka Kanyakine, kwenye mito ya kuruka kwa mguu. Kwa hiyo mto huu niliuogopa kabla yenu, na ninauogopa leo. Mkono huu umevunjwa na huo mto. Sasa nawauliza nyinyi mliozaliwa hapa. Mama zenu walivuka na ile mashua ya mbao miaka mingapi, na ni baraza gani liliitwa kwa ajili ya usalama wao? Nelius alipozama, nani alikuja na viatu vyeupe kutupa pole?"

Watu walitazama viatu vya Ndambiri. Yeye alitazama mbele.

"Anayeogopa feri, asipande. Mashua zipo, aende na amani. Mimi nitakuwa langoni siku ile waya mpya ukifungwa, na plasta yangu hii. Nimemaliza."

Kivuti akasimama baada yake. Alisema afisa amenena kweli, waya mmoja hautoshi mahali penye watu wenye misumeno, na jaketi zitanunuliwa hata kama ni kwa kuuza ng'ombe. Kisha akageuza shingo, lile sikio zima likaelekea mstari wa mbele.

"Sina ushahidi, kwa hiyo sitaji jina la mtu. Lakini aliyeukata waya, awe yuko hapa au apelekewe habari, nataka anisikie. Mimi nimevunjiwa madaraja na watu wenye bunduki. Niliyajenga tena wakiwa bado wananipiga risasi. Wewe una msumeno tu. Kata, nitaunga. Kata tena, nitaunga tena. Na safari hii siko peke yangu."

Akaketi. Hakupigiwa makofi. Watu wa Mbeere hawapigi makofi upesi. Lakini baraza lilipovunjika, wanawake hawakwenda nyumbani. Walibaki wakizungumza na Kagwiria kwa vikundi, na asubuhi iliyopangwa walikuja mtoni na nguo za shamba. Ng'ambo nako walikuja Wakamba wa sokoni, wake kwa waume. Nyaya mbili nzito zilivutwa kwa mikono kutoka jabali hadi jabali, Kivuti akihesabu kwa sauti ya kambini, na hakuna aliyemlaumu kwa kuamuru siku hiyo. Mkulima mmoja wa ng'ambo, ambaye shamba lake linapakana na jabali, alijitolea kujenga kibanda pale pale juu. Alisema mbwa wake hawapendi watu wenye misumeno.

Afisa alirudi, akavuta kila kitu, akaruka juu ya mbao kama mtoto, akatia sahihi. Alhamisi ile mto ulikuwa bado mwekundu. Walijitokeza wengi, na walijitokeza pia waliosimama mbali kuona kama wenzao watazama. Kagwiria alifungua lango kwa mkono wa kushoto. Kivuti alikwenda kwenye breki, akasimama hapo kidogo, halafu akaondoka na kumwachia Kinya nafasi.

"Wewe ndiye nahodha," alimwambia. "Mimi nitavuta winchi. Toa amri."

"Tafadhali vuta, baba," Kinya alisema, na feri ikaondoka.

Ndambiri hakushindwa. Watu wa aina yake hawashindwi kwa siku moja. Mashua zake bado zinavusha watu kule ziwani, na malalamiko yake juu ya feri bado yanazunguka maofisini. Kila akiitwa, Kivuti huvaa shati safi, huenda, hujibu, hurudi jioni na kuuliza kama maji yamepanda. Waya umejaribiwa mara moja tu tangu hapo. Mbwa walifanya kazi yao.

Mwaka huu, kabla ya mvua, walikuja wageni kutoka Karurumo, wakiongozwa na mwalimu Muriithi. Kuna kijito kule kinachojaa ghafla na kuwazuia watoto wa shule, na walikuwa wamesikia habari za mwanajeshi wa Kiambere. Walimkuta Kivuti akipaka grisi kapi, wakamweleza shida yao yote na kuomba wajengewe daraja. Yeye akawaelekeza kibandani.

"Kazi hii ni ya mke wangu na binti yangu," alisema. "Mimi ni fundi tu."

Kinya aliwauliza juu ya upana wa kijito, aina ya mawe ya ukingoni, na kama wazazi watakuja kufanya kazi kwa mikono yao. Mwalimu alijibu vizuri yote. Kisha akasita, akakuna kidevu.

"Liko jambo moja, Mama Kinya. Kuna mkubwa mmoja ana shamba pande zote mbili. Hataki daraja lipite hapo. Ametuonya."

Kagwiria alimfungia mteja sukari, akampa, akafuta mikono kwa leso yake.

"Amewaonya," alisema. "Basi tutakuja Jumatatu. Nilikuwa karibu kuwaambia mwezi ujao."